Ngazi Niliyoinyima Maji

Nyemo mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii ilikuwa yako tangu Agosti ya mwaka jana, ulipokuwa umelala chumbani na plasta hadi gotini, mimi nimekaa kwenye kigoda nakumenyea chungwa. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema ngoja plasta itolewe. Ikatolewa, nikasema ngoja mtihani upite. Mtihani ukapita, nikasema ngoja apate chuo. Sasa chuo umepata, kesho asubuhi unapanda basi la Morogoro, na mimi sina tena pa kusogezea.

Umekwenda kusuka, umesema saa kumi na moja utakuwa umerudi. Nimekaa kwenye ngazi yetu, kipandio cha tatu kutoka chini, daftari nimelipakata. Habari za kula vizuri na kufunga mlango sitaziandika. Hayo ulijifunza mwenyewe ukiwa darasa la tatu, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa sababu mama yako alikuwa ameshatoka alfajiri kwenda kupika chai za watu ofisini. Nataka kukuandikia habari ya ngazi tu. Ile ya kwanza, iliyovunjika.

Wewe unajua ilivyovunjika, ulikuwa juu yake. Mimi najua kwa nini ilivunjika.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Nyumba niliyozaliwa, kwa bibi yako kule Kibakwe, ilikuwa tembe. Wewe uliikuta imeshaanguka, bibi yako amehamia kwenye ya bati. Paa la tembe ni la udongo, limelala bapa, mtu anatembea juu, anaanika mtama juu. Kila mwaka kabla ya mvua tulipandisha udongo mpya. Mimi nilianza kubeba nikiwa na miaka sita, kikapu kichwani, napanda kwa gogo lililochongwa vikanyagio. Bibi yako alikuwa juu, anapokea, anamwaga, anashindilia kwa miguu. Tukimaliza anashuka, anakung'uta kanga yake, anasema, "Sasa liachieni jua."

Baada ya hapo hakuna kugusa, na maji yasikaribie. Mjomba wako siku moja alimwaga kibuyu cha maji kule juu kwa bahati mbaya, alichapwa mpaka jirani akaja kuamua. Siku ya tatu bibi yako anapanda peke yake, anagonga paa kwa kisigino. Likitoa mlio mkavu, ko, anatuita, "Njooni na mtama." Ndivyo nilivyojua mimi kwamba kitu kimeshika. Kimekauka, kinalia ko, basi kimeshika. Nilikuja nalo mjini jambo hilo bila kujua kwamba nimelibeba.

Na kuna jingine, hili sijawahi kukusimulia. Siku yangu ya kwanza ofisini nilikuwa na miaka ishirini, wewe una mitatu. Walinipa birika la umeme, mimi sijawahi kuliona. Nikauliza linawashiwa wapi. Wale wasichana wa mapokezi walicheka mpaka saa nne. Mmoja akaniambia, "Dada, hili haliwekwi kuni." Kuanzia hapo jina langu likawa Birika. Birika, leta chai. Birika, umefuta meza? Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na tumbo lako, nimeshachekwa kijijini, nimechekwa kanisani, baba yako ameshaondoka na hajaandika. Nikajiapiza sitauliza tena kitu chochote mbele ya mtu. Nitatazama, nitaiga, nitajifanya najua. Na kwa miaka mingi ilinisaidia, mwanangu, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuona inavyoniharibu.

Sasa ndiyo tuje kwenye ngazi.

Unakumbuka kiwanja chetu hapa Makole kilivyo, kama kitambaa cha mezani. Hakuna pa kupanua isipokuwa kwenda juu. Sakafu ya juu ilikuwa imeshamwagwa mwaka wa nyuma, tukawa tunapanda kwa ngazi ya miti. Ngazi ya zege ndiyo iliyokuwa imebaki, ili tuweze kupandisha tofali za vyumba viwili, kimoja cha kupangisha na kimoja chako. Fundi Sajilo aliimwaga Jumamosi moja, vipandio sita hadi kwenye kona, pale bapa pa kugeukia, halafu saba hadi juu. Jioni akaosha koleo, akaniita kando. Wewe ulikuwa unafua.

"Mama Nyemo, nisikilize. Maji asubuhi na jioni, siku saba zisipungue. Uifunike kwa magunia, magunia yawe yamelowa muda wote. Huu upepo wa Agosti ni mbaya. Na hii mirunda inayoishikilia ngazi hapa chini asiiguse mtu mpaka nije mwenyewe. Wiki tatu."

Nikasema, "Sawa, fundi."

Akanitazama. "Umenielewa kwa nini?"

"Mimi si mtoto," nikamwambia.

Hapo ndipo ilipovunjikia ngazi, Nyemo. Aliniuliza kama nimeelewa kwa nini, akanifungulia mlango kabisa niulize. Sikuwa nimeelewa. Kwangu mimi kumwagia maji kitu unachotaka kishike ilikuwa ni kichekesho. Ningesema neno moja tu, "Maji yanafanya nini, fundi?" angenieleza, yule ni mtu wa kueleza. Lakini nilisikia wale wasichana wa mapokezi wakicheka nyuma yangu.

Nilimwagia Jumapili na Jumatatu. Maji unajua yanavyotoka hapa kwetu, na wewe ndiye uliyekuwa unabeba madumu kutoka kwa jirani, Bi Zaituni. Jumanne nilirudi kutoka kazini miguu imevimba. Nikafunua gunia, nikagonga zege kwa kifundo cha kidole. Ko. Nikapanda vipandio viwili, nikagonga kwa kisigino. Ko. Lilikuwa jeupe, kavu, gumu, bibi yako angeniita mwanamke wa kweli. Nikakuambia usibebe tena maji, ngazi imeiva. Ukaniuliza, "Mama, si fundi alisema siku saba?" Nikakujibu kwamba mafundi wanapenda kutisha watu ili waonekane wana elimu. Ukayaweka madumu chini.

Wewe uliuliza. Nataka ulikumbuke hilo. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na kati yetu wawili wewe ndiye uliyeuliza.

Jumatano ya wiki iliyofuata lori likaleta tofali na mchanga, likamwaga mbele ya geti la Bi Zaituni, kwa sababu kwetu halikuweza kugeuza. Ulikuwepo aliposimama na ndala zake. "Jirani, mume wangu atoe gari kwa mabawa?" Watu wakacheka. Nikamwambia kesho kutwa zitakuwa hazipo. Mdomo huo. Siku mbili, watu wawili, tofali zote zile.

Ilikuwa likizo yako. Tulianza Alhamisi mchana nilipotoka kazini. Kupita na toroli chini ya ngazi haikuwezekana, mirunda ilikuwa imesimama katikati ya njia. Nilikutuma dukani ukalete maji ya kunywa. Uliporudi ulikuta njia ni nyeupe, ukasema, "Fundi amekuja?" Nikasema ndiyo.

Hakuja. Niliing'oa mimi, ile mitatu ya katikati, kwa nyundo ya kuazima. Ilikuwa imekazwa, nilitoka jasho. Hata wakati ule, wa tatu ulipoanguka, nilirudi nyuma hatua mbili kabla sijajua kwa nini. Nikasema ni uchovu.

Halafu nikapanga kazi kwa namna niliyojiona nina akili. Wewe unabeba kutoka chini hadi kwenye kona, unaweka. Kesho mimi natoa kwenye kona napeleka juu. Nusu ya safari leo, nusu kesho, mgongo upate kupumua. Kule Kibakwe, bibi yako asingekubali. Alikuwa anagomba mtu akirundika udongo mahali pamoja, hata vikapu vitatu, alitaka utawanywe. Hilo ndilo lililokuwa la maana katika mafundisho yake yote, na ndilo nililolisahau. Nikakumbuka la jua.

Tulirundika tofali kwenye kona mpaka zikanifika kiunoni. Ijumaa, kabla sijazitoa, tukapandisha mchanga wa kujengea. Ulikuwa umechoka. Ulisimama kwenye kipandio cha nne ukabadilisha mkono, na mimi niko chini na koleo, nikakuambia, "Tembea. Ukisimama ndiyo unachoka." Ndoo niliijaza mimi mpaka inamwagika. Uliweka ngata yangu ya kanga nyekundu vizuri kichwani, ukapanda. Ulikuwa kwenye kipandio cha sita.

Mengine unayajua.

Nitaandika lile ambalo naamini unalijua lakini hatujawahi kulitaja. Hospitali yule muuguzi aliuliza imekuwaje. Nikamjibu haraka, kabla hujafungua mdomo, "Ameanguka ngazini. Nilimwambia asijaze ndoo, mbishi huyu, hasikii." Ulikuwa umelala pale kwenye kitanda cha magurudumu, mchanga umejaa kwenye nywele. Ulinitazama. Halafu ukafumba macho. Nilijidanganya mwaka mzima kwamba yalikuwa maumivu. Hayakuwa maumivu, ulinisikia.

Wa kwanza niliyemtwisha lawama ulikuwa wewe. Wa pili alikuwa fundi. Alikuja Jumapili, bado amevaa nguo za kanisani. Bi Zaituni na nusu ya mtaa walikuwa wamesimama uani. Akachutama, akaokota kipande cha zege, akakisugua kwa vidole. Kikageuka unga. Akakiweka chini taratibu, kama kitu kilicho hai.

"Mama Nyemo, ulimwagia maji?"

"Nilimwagia."

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Na mirunda?"

"Nilikuta imelegea yenyewe."

Akapangusa vidole kwenye suruali. Alikuwa na nafasi ya kusema, na watu walikuwepo wa kusikia. Bi Zaituni akasema kwa sauti ili fundi asikie, "Saruji imeenda kujenga kwake." Watu wakaguna. Fundi akapanda baiskeli yake akaondoka. Na mimi, Nyemo, nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikasikia nafuu. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Nafuu.

Baada ya mwezi alirudi akajenga hii niliyoikalia, kwa saruji yake. Sikumwita. Ulimwona. Siku kumi na nne alikuja asubuhi na jioni kumwagia maji mwenyewe, kwa baiskeli kutoka Msalato, kwa sababu alijua hapa hakuna wa kumwagia. Chai niliyomwekea hakuigusa hata mara moja. Wewe ulikuwa unakaa dirishani na magongo, akikuambia, "Hujambo, binti?" unageuza uso. Mtoto niliyekufundisha kuamkia hata wendawazimu wa sokoni, ukamnyima shikamoo mtu mzima siku kumi na nne. Na unakumbuka nilichofanya? Nilikugombeza. Nilikuambia huna adabu. Ulinijibu, "Mama, huyu ndiye aliyenivunja." Nikasema, "Hata kama." Nikaongeza uongo juu ya uongo na nikaupaka adabu.

Sasa hesabu ya mguu. Kifundo cha mguu hakikunjiki, daktari alisema usisimame muda mrefu, na uuguzi ni kusimama. Niliiona fomu yako ya chuo ulivyoifuta. Ulifuta uuguzi kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, ukaandika utunzaji wa kumbukumbu. Ukaniambia kwa kucheka, "Nitakuwa nakaa kwenye kiti, mama, kama bosi." Nikacheka na wewe. Kisha nikaenda nyuma ya choo.

Wiki iliyopita nilimfuata Fundi Sajilo Msalato. Hapati kazi tena mtaani kwetu, anafanya kibarua kwenye jengo la mtu mwingine, anasukuma zege badala ya kuamuru. Nilimkuta ananawa. Nikamwamkia, nikamwambia yote, mirunda, siku mbili, kona. Niliyasema nimesimama. Akamaliza kunawa miguu yote miwili.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ile zege ilikufa kwa kiu, ukiishika tu unajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtoto yuko hospitali, mama yake nimwambie nini? Nilisubiri uchoke."

Akajifuta miguu kwa shati lake.

"Umechoka?"

"Nimechoka, fundi."

"Basi kamwambie mtoto. Mimi nina mikono, nitaishi. Yule anatembea na chuki isiyo yake."

Halafu, bila mimi kuuliza, akanieleza maji yanafanya nini. Kwamba saruji haikauki ikashika kama udongo. Inashika kwa kunywa. Ukiinyima maji mapema inakuwa ngumu usoni na ndani ni unga. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Muda huo tu, Nyemo, ndio niliokuwa nimekataa kumpa mwaka jana.

Bi Zaituni nimemwambia leo asubuhi, kwenye bomba, mbele ya wenzake. Hakunipigia kelele kama nilivyotarajia. Aliweka ndoo chini akasema, "Na mimi nilimkataza dada yangu asimpe fundi nyumba yake ajenge." Hatujui tutamrudishia vipi jina lake. Bibi yako nitamwambia Jumapili kwa simu. Atauliza kwanza kama uliwahi kusema neno baya juu yangu kwa watu, nami nitamjibu hukuwahi.

Sikuandikii ili unionee huruma. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, na ninyi wasomi mtasema mazingira. Lakini uchovu haukuing'oa ile mirunda. Nilikuwa na nyundo mkononi. Na sikuombi unisamehe kabla ya kesho, maana utasema nimekusamehe kwa sababu basi linaondoka. Kaa nayo. Ukipata hasira huko, uwe nayo, ni ya kwako, ila sasa uielekeze mlango ulio sahihi.

Jambo moja tu la ziada, na si la kukufundisha, wewe umeshanizidi. Huko utakutana na wenye kujua. Wakicheka ukiuliza, wacha wacheke. Mimi niliogopa kicheko cha asubuhi moja, nikakulipisha wewe kwa mguu.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, kile ambacho huwa unakivaa mwisho. Nilipofungua begi lako kukitafuta niliiona ngata yangu, ile ya kanga nyekundu, umeificha chini ya mashuka. Nimekaa nayo kidogo. Nimeirudisha palepale.

Nguo zako zimekauka, napanda kuzianua. Ukifika na ukawa tayari, hata kama ni baada ya miezi, navihitaji hivi kutoka kwako. Pesa sitaki, hata ukipata.

Ngata yangu, nitumie kwa mtu wa basi. Tofali za chumba chako bado ziko chini, nitazipandisha mwenyewe, chache chache, na kuzitawanya.

Nyayo zako mbili, uzichore kwa penseli kwenye karatasi, kila mguu peke yake, nimpelekee mshona viatu ainue soli ya kushoto.

Idadi ya vipandio kutoka getini hadi kitanda chako, na uniambie pa kushikia pako upande gani.

Na shikamoo moja ya Fundi Sajilo, kwa mwandiko wako. Nitampelekea Msalato kwa miguu.

Mama yako